Upepo wa Usiku, Taa za Jioni: Mizani ya Umeme Nchini Kenya

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma hiyo ikazimika. Mitambo mingine ya kituo hicho ikaelemewa na mzigo, nayo ikazimika, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwenye gridi ya taifa kwa mkupuo mmoja. Punde si punde nchi nzima ikawa haina umeme. Kampuni ya KenGen ilipotoa taarifa kwamba chanzo cha yote hayo kilikuwa mnyama mdogo, na kwamba mnyama mwenyewe alinusurika, wengi walicheka.

Kicheko hicho kilifunika swali zito. Megawati 180 hazikufika hata robo ya umeme uliokuwa ukitumika nchini siku hiyo. Mbona basi sehemu kubwa iliyosalia haikuendelea kuwaka? Mtu aliyezoea hesabu ya duka angetarajia kwamba pakipotea magunia mawili kati ya kumi, wanunuzi wanane wa kwanza watapata na wawili watakosa. Umeme haufuati hesabu hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini, na kuonyesha jinsi suala hilo linavyozidi kuwa nyeti katika nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Sheria ya kila sekunde

Mahindi huvunwa Kitale mwishoni mwa mwaka, yakawekwa ghalani, yakaliwa hata baada ya miezi sita. Umeme ulio kwenye nyaya hauna ghala la namna hiyo. Unaozalishwa sasa sharti utumike sasa, na unaohitajika sasa sharti uzalishwe sasa. Kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka lazima vilingane, si kwa siku wala kwa saa, bali kwa kila sekunde inayopita.

Kipimo cha ulinganifu huo ni kasi ya mitambo. Gridi ya Kenya, sawa na za nchi nyingi duniani, huendeshwa kwa hezi 50, yaani mkondo wa umeme hwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Jenereta kubwa zote zilizounganishwa kwenye gridi, ziwe za Olkaria, Gitaru au Kipevu, huzunguka kwa mwafaka mmoja, mithili ya watwangaji watatu wanaopokezana michi katika kinu kimoja. Hakuna awezaye kuharakisha wala kukawia peke yake bila kuwavuruga wenzake. Watumiaji wanapowasha vyombo vingi kwa pamoja, mzigo huongezeka na jenereta zote huanza kuzunguka polepole, kama lori lenye shehena linapoanza kupanda mlima wa Mai Mahiu. Dereva asipoongeza mafuta, mwendo hupungua. Vivyo hivyo, watumiaji wanapozima, lori huanza kuteremka na mwendo huzidi kipimo.

Ni katika kupungua huko ambamo hatari imejificha. Mitambo imeundwa ijilinde yenyewe: kasi ikishuka kupita kiwango fulani, kila mtambo hujitenga na gridi ili usiharibike. Mmoja unapojitenga, mzigo wake huwaangukia waliobaki, nao kasi yao hushuka zaidi, na wa pili hujitenga, kisha wa tatu. Kuna swichi za kujiendesha ambazo hukata umeme wa maeneo fulani mara moja ili kupunguza mzigo na kuokoa sehemu iliyobaki. Swichi hizo zikichelewa, au zikikata kidogo mno, gridi nzima huporomoka kwa muda mfupi sana. Hilo ndilo lililotukia baada ya tumbili wa Gitaru.

Ipo hata hivyo kinga moja ya kimaumbile. Mtambo mzito unaozunguka una ukaidi wake. Hausimami ghafla hata chakula chake kikikatwa. Uzito huo huipa gridi sekunde chache za kuvuta pumzi, na katika sekunde hizo milango ya maji ya mabwawa hufunguliwa zaidi ili kuziba pengo. Vidirisha vya sola havina kitu kinachozunguka. Vinu vya upepo vya kisasa huzunguka, naam, lakini kwa mwendo wa upepo wenyewe, na umeme wake hupitishwa katika vifaa vya kielektroniki kabla ya kuingia kwenye gridi, hivyo uzito wake hauwasaidii watwangaji wengine moja kwa moja. Kadiri jua na upepo vinavyochukua nafasi ya mitambo mizito, ndivyo muda wa kuvuta pumzi unavyofupika.

Somo hilo lilirudiwa tarehe 25 Agosti 2023. Mwendo wa saa nne kasorobo usiku, umeme ulikatika karibu kote nchini, na hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ukakumbwa na giza. Kampuni ya Kenya Power ilisema kwamba mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, uliokuwa ukitoa takriban megawati 270, ulitoka ghafla na kuvuruga mizani ya gridi nzima. Wenye mradi walijibu kwamba mitambo yao ililazimika kujitenga kwa sababu volteji kwenye gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Ukweli wowote uwao, pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila ya kukusudia: kwamba sehemu kubwa ya umeme wa usiku ule ilikuwa ikipita katika njia moja ndefu, na njia hiyo ilipofungika hapakuwa na akiba ya kutosha iliyo tayari kuingia mahali pake. Uendeshaji mwema wa gridi hudai kwamba akiba inayozunguka bila kutumika isiwe pungufu ya chanzo kikubwa kuliko vyote kinachofanya kazi kwa wakati huo. Akiba hiyo ni ghali, maana ni mtambo uliolipiwa ili usubiri.

Kila chanzo na saa yake

Kilele cha mahitaji nchini Kenya kilifika megawati 2,316 mwezi wa Februari 2025. Kilele hakidumu kutwa. Huanza kujengeka jioni watu wanaporejea nyumbani na hukomaa kati ya saa moja na saa tatu usiku, taa, televisheni, pasi na majiko ya umeme yanapowaka ilhali viwanda vingi havijalala. Kufikia usiku wa manane mahitaji huwa yameshuka hadi kukaribia nusu ya kiwango hicho.

Sasa na vitazamwe vyanzo vyenyewe. Kituo cha sola cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Hutoa umeme mwingi mchana, na jua linapotua, muda mfupi tu kabla ya kilele, hutoa sifuri. Shawa moja ya umeme ya kupashia maji moto hutumia takriban kilowati 5. Shawa 10,000 zikifunguliwa kwa pamoja saa mbili usiku humeza megawati 50, yaani kiasi kile kile ambacho Garissa yote hutoa ikiwa katika ubora wake, na humeza wakati ambapo Garissa haina cha kutoa. (Koili za kupikia ambazo wasimamizi wa mabweni ya vyuo hawachoki kuzipiga marufuku zina mchango wao katika hesabu hii.)

Upepo wa Loiyangalani una tabia yake pia. Katika bonde lililo baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hupita mkondo wa hewa wenye nguvu, unaobanwa na milima kama maji katika mfereji mwembamba. Ndio uliowavutia wajenzi wasimike vinu 365, vyenye jumla ya megawati 310, katika Kaunti ya Marsabit. Mkondo huo huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, na hulegea mchana. Kwa maneno mengine, upepo hufika kileleni wakati wateja wamelala. Isitoshe, umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kwa waya wa kilovolti 400, na waya mrefu namna hiyo unapobeba mzigo mdogo huelekea kupandisha volteji. Vinu vilikuwa tayari mwaka wa 2017, lakini waya ukakamilika mwaka wa 2018, na kwa muda huo wa kungoja serikali iliwajibika kulipia umeme ambao haukumfikia mtu yeyote.

Mvuke wa Olkaria hauna usiku wala mchana. Hutoka ardhini kwa kiasi kile kile saa zote, masika na kiangazi, na ndiyo sababu umekuwa uti wa mgongo wa gridi; mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981. Hapa kuna kichekesho kidogo cha lugha. Wakenya huuita umeme "stima," neno ambalo katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha meli iendeshwayo kwa mvuke. Wataalamu wa istilahi waliliona kuwa la mitaani, wakapendelea "umeme." Sasa kwa kuwa karibu nusu ya umeme wa nchi huzalishwa kwa mvuke, neno la mitaani limeishia kuwa na ukweli ambao halikuwa nao lilipozaliwa.

Uthabiti wa mvuke, hata hivyo, ni baraka yenye kero. Visima vya mvuke havifungwi na kufunguliwa kila baada ya saa chache bila madhara. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka na upepo wa Turkana unapopanda, gridi hupata umeme kuliko inavyohitaji. Msimamizi wa gridi huwa na machaguo mawili: kuamuru vinu vya upepo vipunguze, ingawa mkataba unadai upepo huo ulipiwe, au kuamuru mvuke uachiliwe hewani bila kuzungusha chochote. Mara nyingi mvuke ndio huachiliwa. Kisha, ilipofika jioni, nchi hiyo hiyo huwasha mitambo ya dizeli ya pwani, na gharama ya mafuta hayo hujitokeza kwenye bili ya kila mteja. Mwaka wa 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya maeneo, hasa upande wa magharibi, yalikuwa yakikatiwa umeme kwa zamu nyakati za jioni kwa sababu mzigo ulizidi uwezo. Kwa hiyo tatizo la Kenya haliwezi kuelezwa kwa neno "uhaba" peke yake. Ni uhaba wa saa tatu au nne unaoandamana na ziada ya saa sita, ndani ya siku moja.

Bwawa kama ghala

Ingawa umeme hauwekwi ghalani, maji huwekwa. Hapa ndipo mabwawa ya Mto Tana yanapopata umuhimu ambao haukufikiriwa sana yalipojengwa.

Vituo vya Seven Forks ni vitano, licha ya jina lake. Kuanzia juu ya mto ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Cha kwanza kujengwa kilikuwa Kindaruma, mwaka wa 1968. Masinga, iliyokamilika mwaka wa 1981, huzalisha umeme mdogo kuliko zote, megawati 40 tu, na kwa sababu hiyo wengi huipuuza. Thamani yake haiko katika mitambo. Iko katika tumbo lake, linaloweza kubeba zaidi ya mita bilioni 1.5 za ujazo za maji. Kila tone linaloachiliwa Masinga huzungusha mitambo ya vituo vyote vitano, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuendelea na safari kuelekea Garissa na delta ya Tana.

Kuna njia mbili za kutumia utajiri huo. Njia ya kwanza ni ya kinu cha kusaga: maji yaachiliwe mfululizo, umeme utoke mfululizo. Njia hii ilikuwa na mantiki wakati maji ndiyo yaliyokuwa chanzo kikuu na hapakuwa na kingine cha kutegemea. Gharama yake ilionekana katika ukame wa 1999 na 2000, pale mgao wa umeme ulipolemaza viwanda, na tena mwaka wa 2009, Masinga ilipokauka kiasi cha kufungwa. Njia ya pili ni ya ghala. Upepo unapovuma usiku, milango ifungwe na maji yabaki. Mvuke uendelee na kazi yake ya kila saa. Kisha jioni, jua likishatua, milango ifunguliwe na Gitaru, yenye megawati 225, ipande ndani ya dakika chache. Kwa njia hii upepo wa alfajiri ya Jumanne huwa taa ya jioni ya Jumanne, ingawa hakuna umeme wowote uliohifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni maji ambayo upepo uliyaepusha na matumizi.

Msimamizi wa gridi hufanya hivyo tayari, kwa kadiri awezavyo. Lakini uwezo huo una mipaka. Mabwawa ya katikati, hasa Gitaru na Kindaruma, ni madogo na hayawezi kuzuia maji kwa siku nyingi. Wakulima na wafugaji walio chini ya mto hawaishi kwa ratiba ya televisheni za Nairobi, na mto unaofungwa usiku na kufunguliwa jioni huwafikia ukiwa na mawimbi ya kupanda na kushuka. Kisha mvua zinapozidi, kama ilivyokuwa Aprili na Mei 2024, mabwawa hujaa yakamwaga, na ghala lililojaa haliwezi kupokea chochote.

Zipo nchi zilizokwenda hatua moja mbele kwa kuyarudisha maji juu. Katika kituo cha Dinorwig, huko Wales, kilichofunguliwa mwaka wa 1984, umeme wa ziada wa usiku hutumika kupandisha maji kutoka ziwa la chini hadi ziwa la juu mlimani. Mahitaji yanaporuka, maji hayo huachiliwa na kituo hupanda hadi zaidi ya megawati 1,000 kwa muda usiofika dakika moja. Sababu mojawapo ya kuthamini wepesi huo ni tabia ya Waingereza ya kuwasha birika kwa pamoja kipindi maarufu cha televisheni kinapokwisha. Tarehe 4 Julai 1990, baada ya mechi ya nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani Magharibi, mahitaji yaliruka kwa takriban megawati 2,800, kiasi kinachozidi kilele kizima cha Kenya cha Februari 2025. Sehemu ya majani ya chai katika mabirika hayo, bila shaka, ilichumwa Kericho.

Upande wa pili wa mizani

Hadi hapa imezungumziwa sahani moja ya mizani, ile ya ugavi. Sahani ya pili ni mahitaji, nayo inaweza kusogezwa. Desemba 2017 Kenya ilianzisha nauli ya umeme inayozingatia saa: kiwanda kinachoongeza matumizi yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hulipa nusu ya bei kwa yuniti za ziada. Mwaka wa 2023 ukafuata utaratibu wa vyombo vya usafiri vya umeme, ambapo yuniti ya saa za kawaida iliwekewa shilingi 16 na ya saa za mahitaji machache shilingi 8. Bodaboda ya umeme inayochajiwa saa saba usiku hunywa upepo ambao vinginevyo ungepotea.

Mwenye nyumba hana kichocheo kama hicho. Mita ya tokeni nyumbani kwake huhesabu yuniti, haihesabu saa. Anayepiga pasi saa mbili usiku na anayepiga pasi saa kumi na moja alfajiri hulipa bei ile ile, ingawa wa kwanza anaiongezea nchi dizeli na wa pili anatumia mvuke uliokuwa utupwe. Haistahili kumlaumu wa kwanza. Hakuna aliyemwambia, na hata angeambiwa, asingepata chochote kwa kuamka mapema.

Njia nyingine ni kuipanua mizani yenyewe. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia waya wa zaidi ya kilomita 1,000 unaoishia Suswa, na mwisho wa mwaka wa 2024 waya wa kilovolti 400 uliiunganisha na Tanzania kupitia Isinya. Gridi pana hustahimili mshtuko ambao ungeiangusha gridi ndogo, na mvua zinapokosekana huku huenda zimenyesha kule. Hata hivyo, sehemu ya umeme wa Ethiopia hutokana na mabwawa ya Mto Omo, mto ule ule unaoleta takriban asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana. Mvuvi wa Loiyangalani, ambaye juu ya kijiji chake hupita upepo unaouzwa Nairobi, hutazama pia ziwa ambalo maji yake yanategemea saa za jioni za Addis Ababa na Nairobi.

Betri kubwa zimeanza kuziba mapengo haya kwingineko. Jimbo la Australia Kusini, lililokumbwa na giza la jimbo zima Septemba 2016, liliwasha betri ya megawati 100 huko Hornsdale kabla ya mwaka wa 2017 kwisha. Betri ya namna hiyo huitikia kwa sehemu ya sekunde, wepesi ambao hakuna bwawa linaloweza kuufikia, na ni wepesi huo uliokosekana usiku wa Agosti 2023. Kikwazo nchini Kenya kimo katika mikataba zaidi ya mitambo. Mikataba mingi ya umeme iliandikwa kumlipa mzalishaji kwa kila yuniti anayoitoa, au inayohesabiwa kuwa ameitoa. Bwawa linalofunga milango yake ili upepo upite haliuzi yuniti usiku huo. Betri inayokaa imejaa ikingoja dharura haiuzi yuniti. Mtambo unaozunguka mtupu kama akiba hauuzi yuniti. Hadi kazi ya kungoja itakapokuwa na bei yake katika mkataba, ni vigumu kumpata mwekezaji atakayeifanya, na msimamizi wa gridi ataendelea kila usiku kupiga simu Olkaria kuomba mvuke uachiliwe.